Kabla Mama hajarudi Isevya

Dada Mkubwa (Mwanza): Shikamooni wazee wangu. Madaktari wa Hospitali ya Bugando wametueleza kwamba saratani ya shingo ya kizazi ya Mama imesambaa, na kuanzia sasa lengo ni kumpunguzia maumivu na kumpa utulivu, yaani tiba shufaa. Mwenyewe anaomba arudi nyumbani Isevya, Tabora. Kabla hatujapanda basi Jumamosi, naomba tuseme wazi ni nani atakayemuuguza na kama yuko tayari.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mdogo wako yupo hapa Isevya na moyo wa kumhudumia mama yake anao. Sioni shida.

Mdogo: Shikamoo Baba Mkubwa. Moyo ninao, lakini nilipomuuguza Bibi nilikuwa namnyima dawa ya maumivu mchana ili ibaki ya usiku, nikidhani namwekea akiba, kumbe namtesa. Naogopa kurudia.

Dada Mkubwa: Ahsante kwa kulisema hilo, mdogo wangu. Mama ameandikiwa morfini ya maji, anayonyweshwa kwa bomba lisilo na sindano saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku, hata kama maumivu hayajarudi, na kile kipimo cha mwisho daktari amekiandika maradufu ili alale hadi alfajiri. Kwa kuwa inafunga choo, kuna dawa ya kulainisha ya kila siku. Tena inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo.

Mama Mdogo (Urambo): Si wanasema morfini humfanya mtu teja na kumharakishia kifo?

Dada Mkubwa: Nilimuuliza nesi hilohilo, Mama Mdogo. Anayepewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu hageuki teja, wala haimharakishii kifo.

Kaka (Dar): Nitatuma hela ya glovu na nepi.

Dada Mkubwa: Tutashukuru, kaka. Ila mtu mmoja hawezi kumgeuza mgonjwa usiku kucha na mchana akapika. Mdogo wangu, njoo huku Alhamisi ushike bomba mwenyewe mbele ya nesi. Na zamu ya usiku ni ya nani?

Mama Mdogo: Yangu. Nitafika Isevya Ijumaa, nitandike chumba cha dada yangu. Hizo saa za dawa niandikieni kwa herufi kubwa, nizibandike ukutani.