Protini zisizojulikana: pesa za umma ziende huko au la?

Nuru7: Binadamu ana jeni karibu 20,000 za kutengeneza protini. Dawa zilizoidhinishwa zinalenga 700 hivi. Maelfu nyingine hata kazi yake mwilini haijulikani vizuri, huku p53, protini maarufu ya kuzuia saratani, ikiandikiwa makala kila kukicha. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ilianzisha mradi 2014 wa kuzimulika hizi za gizani, ila bado. Pesa za umma ziende huko. Watafiti ni waoga tu, wanafuata nyuki wale asali.

Kisu Butu: Waoga? Umewahi kushika pipeti wewe? Protini isiyojulikana haina kingamwili nzuri ya kuitambua, haina kemikali ya kuizuia, wala panya aliyeondolewa jeni yake. Mkataba wa miaka mitatu unaisha bado unatengeneza vifaa.

Mzee wa Mizani: Mbona protini ya PCSK9 walithubutu? Ilikaa gizani tangu miaka ya 80, leo kuna dawa za kolestero zinazoizuia.

Kisu Butu: Shikamoo mzee, lakini ni 2003. Familia za Ufaransa zenye kolestero ya kurithi ndizo zilizoionyesha, dawa zikaidhinishwa 2015. Hakuna aliyepapasa gizani pale, ugonjwa uliwashika mkono.

Nuru7: Nilisema watafiti, sikukutaja. Mbona umejishtukia?

Kisu Butu: Ukisema wavuvi wezi mbele ya mvuvi, umemtaja nani?

Tambo: 😂😂 povu hilo. Jamani AlphaFold, ile programu ya akili bandia ya kukisia maumbo ya protini, si ilishamaliza kazi? 2021 wametoa maumbo ya karibu protini zote za binadamu.

Bi Sabuni: Hayo ni makadirio ya kompyuta, Tambo. Nami namjua jirani yangu kwa umbo miaka sita sasa, kazi yake siijui.

Tambo: Jirani yako huyo ni usalama wa taifa 😂

Mzee wa Mizani: Marahaba, mwanangu. 2003, sawa, nimekosea. Ila hoja yangu iko palepale.

Kisu Butu: Hoja ipi mzee?

Nuru7: Kisu, mkataba ungekuwa wa miaka kumi ungeigusa protini ya gizani?

Kisu Butu: Kumi? Nipe mitano na bima ya afya.

Bi Sabuni: Kumbe tunajadili ajira. Mimi wangu unaisha Juni.

Tambo: Pole dada. Kuna mwenye nafasi ya maabara humu?