Ulinganisho: njia ipi inamfaa anayeanza kuelewa uchambuzi wa kompyuta katika chesi?

Mwanagenzi64

Wanajukwaa, habari zenu. Nimejifunza chesi mwaka huu baada ya miaka mingi ya drafti, na sasa ninacheza karibu kila jioni kwa simu. Kila mchezo unapokwisha ninafungua uchambuzi, na hapo ndipo ninapopotea: ninaona +0.7, mara −2.4, mara alama ya reli (#) yenye tarakimu mbele yake, na chini yake mlolongo wa hatua kumi na tano ambazo sijui zimetoka wapi. Nimejaribu uchambuzi wa tovuti ya Lichess, mapitio ya tovuti ya Chess.com, na Stockfish, injini (yaani programu inayokokotoa hatua bora) niliyoiweka kwenye simu. Naomba mnilinganishie hizo tatu, lakini si kwa nguvu, maana zote zinanishinda. Ninataka ile itakayonionyesha nilikosea wapi na kwa nini.

Mchezo ulionisukuma kuandika ni huu, nami nilishika nyeusi. Mwenzangu alianza na askari e4 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo), nikajibu e5. Farasi wake akaenda f3, nikaweka askari d6. Askofu wake c4, askofu wangu g4. Farasi wake wa pili c3, nami nikasogeza askari g6. Hapo farasi wa f3 akala askari wangu wa e5 na kumwacha malkia wake wazi, nikamla malkia kwa furaha kubwa. Askofu wake akala f7 na kumtisha mfalme, mfalme wangu akakimbilia e7, farasi wa pili akatua d5, na mchezo ukaishia hapo.

KeteNyeusi

Karibu, ndugu. Usione aibu, kwa sababu mtego huo unaitwa kwa jina la Légal, mchezaji wa Ufaransa wa karne ya 18, na umewanasa watu wengi kabla yako.

Kwanza tusome namba. Alama ya kujumlisha ina maana kwamba nyeupe iko mbele na ya kutoa kwamba nyeusi iko mbele, hata kama wewe ndiye uliyeshika nyeusi. Wageni wengi huisoma kana kwamba kujumlisha ni "mimi". Kizio chake kwa asili ni askari mmoja, ingawa tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022 Stockfish imeipanga +1.00 iwe hali ambayo nyeupe ina nafasi ya asilimia 50 ya kushinda dhidi ya injini ya nguvu ileile, na sehemu kubwa ya nafasi iliyobaki ni sare. Lichess huigeuza namba hiyo kwa mizani iliyotokana na michezo ya watu, na huko +1 ni takriban asilimia 59, na +3 ni takriban 75. Kwa hiyo tofauti kati ya +0.2 na +0.6 haikuhusu kabisa kwa sasa. Alama ya reli ikifuatwa na 2 inasema kwamba mfalme anaweza kufungwa kwa hatua mbili, haidhuru mpinzani ajibu nini.

Kuhusu ulinganisho wenyewe, fahamu kwamba Lichess nayo hutumia Stockfish. Njia yako ya kwanza na ya tatu ni injini moja iliyovaa nguo mbili. Lichess inakupa grafu, alama za makosa, na sehemu ya kujifunza kutokana na makosa yako, ambapo inakurudisha mahali ulipokosea na kukutaka utafute hatua bora mwenyewe. Programu tupu ya simu inakupa namba na mistari, yaani ile milolongo ya hatua, basi. Kwa anayeanza, mimi ninachagua Lichess, na haina malipo.

BintiWaNgome

Ninakubaliana na KeteNyeusi kuhusu namba, ila ninamtetea mpinzani. Mapitio ya Chess.com yanazungumza kwa sentensi: yanakuambia kwamba umeacha kete bila ulinzi, au kwamba hatua hii inashambulia kete mbili kwa pamoja. Mtu ambaye bado hajui kutazama anahitaji kuambiwa atazame nini, na grafu haimwambii. Kasoro yake ni kwamba asiyelipia ana kikomo cha mapitio, na yale majina ya sifa yanalevya. Nilipopewa alama ya hatua maridadi kwa mara ya kwanza nilimwonyesha kila aliyekuwa nyumbani, kisha nikagundua kwamba niliisogeza kete hiyo kwa bahati tu.

Vilevile tahadhari na asilimia ya usahihi, ile inayopima hatua zako zilikaribia kiasi gani zile za injini. Mchezo mfupi ambao mpinzani ameacha malkia mapema unaweza kukupa zaidi ya 90, kwa sababu baada ya hapo karibu kila hatua inatosha. Mchezo mgumu uliopigana kwa saa nzima unaweza kukupa 70 na ukawa ndio mchezo wako bora wa mwezi.

Mzee wa Ubao

Vijana, mnalinganisha visu kabla ya kujua mnakata nini. Mimi ninaongeza njia ya nne: kabla ya kuwasha injini yoyote, pitia mchezo peke yako na uandike mahali pawili tu ambapo uliona hali imegeuka, pamoja na ulichokuwa ukiwaza wakati huo. Dakika tano zinatosha. Ndipo uifungue kompyuta uone kama imeweka alama mahali palepale. Ikiwa wewe uliandika hatua ya 12 nayo inasema hatua ya 5, umeshajua kwamba kuna jambo ambalo jicho lako halilioni bado, na hilo ndilo la kulifanyia kazi.

KeteNyeusi

Mzee wa Ubao, shikamoo. Njia yako ninaikubali, na mchezo wa Mwanagenzi64 unaithibitisha vizuri. Bila shaka yeye angeandika kwamba alikosea alipomla malkia, na kompyuta nayo itapaka rangi nyekundu hapo, kwa kuwa baada ya hatua hiyo inatokea ile reli yenye 2. Lakini rudi hatua moja nyuma. Kabla hujamla malkia tayari ulikuwa umepoteza askari: ungekula farasi wa e5 kwa askari wako wa d6, malkia wake angemla askofu wako wa g4, na hesabu ingebaki askari mmoja kwake. Kosa lenyewe lilikuwa kusogeza askari g6. Rangi nyekundu ilikuonyesha maumivu, ila kidonda kilianza hatua moja kabla.

Ili kukiona, usisome mstari wa injini kwa macho tu. Fungua ubao wa uchambuzi, icheze hatua uliyoitaka wewe, kisha uiache injini ikujibu. Inapokuadhibu, utajua kwa nini haikuipendekeza. Jaribu badala ya g6 uweke farasi c6, halafu umpe mwenzako ile hatua yake ya kula e5, uone kinachotokea.

BaharianaSimu

Neno dogo kuhusu vifurushi, maana hapa wengine hatuna intaneti ya kudumu. Stockfish iliyo ndani ya simu inafanya kazi bila mtandao, na kwangu hilo ndilo lililoamua. Inachemsha simu na kunyonya betri ukiiacha iwaze muda mrefu, kwa hiyo mimi huisimamisha inapofika kina cha 20 hivi, yaani hatua ishirini ukihesabu za pande zote mbili. Katika kina kidogo namba hurukaruka. Usiiamini ile ya sekunde ya kwanza. Pia iwekee ionyeshe mistari miwili au mitatu. Ikiwa mistari yote mitatu ina namba zinazokaribiana, ujue palikuwa na njia nyingi nzuri. Ikiwa wa kwanza ni +0.3 na wa pili ni −4, ujue palikuwa na mlango mmoja tu.

Mwanagenzi64

Nimerudi, na ninawashukuru wote. Nimeufungua ubao wa Lichess na kuweka farasi c6 badala ya askari g6. Nyeupe akila e5, farasi wangu anamla pale e5 na papo hapo anamlinda askofu wa g4, hivyo malkia wake hawezi kumla askofu bila kuliwa. Mwenzangu angebaki amepoteza farasi kwa askari mmoja, na namba ikahamia upande wangu. Nimekaa na mkao huo karibu nusu saa, nikiwarudisha farasi wote mahali pao na kuanza upya.

Nitabaki na Lichess, na nitatumia mapitio yenye maneno kwa mchezo mmoja ulionichanganya zaidi. Swali moja kwa Mzee wa Ubao: yale maelezo ya kabla ya injini, unayaandika kwenye daftari au kwenye simu?

Mzee wa Ubao

Daftari. Simu ikiwa mkononi utaifungua injini kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.