Bia nyeupe ya ngano ya Kibelgiji: mbona haina uchungu, na nitaipaje alama?

Mwanafunzi wa Leuven
Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Ninasoma hapa Leuven, nchini Ubelgiji, na majirani zangu wa bwenini wamenialika kwenye kikao cha kuonja bia nyeupe za ngano, zile ambazo Waflemi huziita witbier. Kila mmoja wetu atajaza fomu ya alama za mwonekano, harufu, ladha na uzito wa bia mdomoni. Ili nisiende nikiwa mgeni kabisa wa jambo lenyewe, nilinunua chupa ya kiwanda kimoja kidogo cha huku nikaionja mapema. Niliikuta ni ya manjano iliyofifia sana, yenye ukungu kama maji yaliyooshea mchele, na juu yake lipo povu jeupe lililokaa muda mrefu. Harufu ya ganda la chungwa ilitangulia, ikafuatwa na ya giligilani iliyopondwa. Kilichonitatiza ni kwamba nilipomeza niliungoja uchungu nao haukuja. Sisi tuliozoea lager za nyumbani, kama Safari na Kilimanjaro, tunatarajia japo uchungu kidogo ubaki nyuma ya ulimi. Je, hiyo ni kasoro ya kupunguzia alama? Na kama hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huwekwa kidogo namna hiyo makusudi, ni kitu gani kinachoizuia bia isigeuke sharubati? Aidha, wahudumu wa mikahawa ya hapa hunitilia kipande cha limau kwenye glasi bila kuniuliza. Sijui nikubali au nikatae.

Fundi Kimea
Karibu, ndugu. Ninatengeneza bia nyumbani kwangu hapa Gent, na aina hii nimeipika mara nyingi. Uchungu haukuja kwa sababu mpishi wake hakuualika. Kwa kipimo cha uchungu ambacho watengenezaji hukiita IBU, witbier huwa kati ya 8 na 20, ilhali pilsner ya Kijerumani, ambayo ni aina ya lager, huanzia karibu 22 na kupanda hadi 40. Hopsi zake huwa za aina tulivu, kama Saaz ya Ucheki, na kazi yake ni kuuzuia utamu wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, usitawale, basi. Kwa hiyo utakapoonja bia ya aina hii ukakuta uchungu unaokwaruza koo, hapo ndipo upunguze alama.

Kuhusu kinachoishikilia, jibu limo kwenye nafaka. Karibu nusu ya nafaka ni ngano mbichi, yaani ambayo haikuoteshwa kuwa kimea, na iliyobaki ni kimea cha shayiri. Wengine huongeza oti kidogo ili bia iwe laini mdomoni. Ngano hiyo huleta protini zinazotia ukungu na kulidumisha povu, na bia yenyewe hubaki na uchachu mwepesi unaousikia pembeni mwa ulimi. Tena ina gesi nyingi, na humalizika kwa ukavu kwa kuwa hamira imekula sehemu kubwa ya sukari. Kazi ambayo kwenye lager zako hufanywa na hopsi, hapa imegawanywa kati ya uchachu, gesi na ukavu huo. Ionje tena ukivitafuta hivyo, nawe utaona kwamba si sharubati hata kidogo.

Penye kuhitaji umakini zaidi ni kwenye viungo. Mbegu za giligilani na maganda makavu ya madanzi, ambayo kwa desturi yalitoka kisiwa cha Curaçao, hutiwa mwishoni mwa kuchemsha ili mafuta yake yasipotee na mvuke. Vikipimwa vizuri, mwonjaji huona ubichi wa chungwa na wepesi fulani wa pilipili, asiweze kusema kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Vikizidi, bia hunuka sabuni, na giligilani za namna fulani huleta harufu inayokaribia ile ya paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, jambo ambalo mimi huliadhibu bila huruma. Usichanganye bia hii na ile ya ngano ya Bavaria: ile haitiwi viungo, na harufu yake ya ndizi mbivu na karafuu hutengenezwa na hamira.

Unapomimina, acha kidogo chini ya chupa, uizungushe taratibu mpaka hamira iliyotua ipande, ndipo umalizie. Isiwe baridi kupita kiasi. Kwenye nyuzi 6 au 7 za Selsiasi utanusa vizuri. Ile glasi nene yenye pande 6 ya Hoegaarden, bia maarufu ya aina hii, hutunza ubaridi, lakini mdomo wake mpana huipoteza harufu, kwa hiyo siku ya kuonja ningechagua glasi inayobana juu.

Mama Matonge
Mwanangu, Fundi Kimea amekujibu vyema, ila suala la limau amelikwepa. Mimi nina mgahawa mdogo hapa Brussels, na wakati wa kiangazi wateja wengi huliomba wenyewe, nami siwanyimi. Hata hivyo, kwenye kikao cha kuonja likatae kwa heshima. Limau huliangusha povu, tena uchachu wake huufunika ule wa bia, na mtu aliyeagizwa kupima uchachu hawezi kuupima ikiwa ameuongeza kwa mkono wake. Baada ya alama kutolewa, kila mtu na atie anachopenda.

Nawe ukitaka kuielewa bia hii haraka, inywe na kome waliopikwa kwa vitunguu, au pamoja na jibini laini ya mbuzi. Bia yenye hopsi nyingi ingepigana na chumvi ya kome, lakini hii huusafisha mdomo na kukuacha ukitamani kijiko kingine. Hata mchuzi wa kome mimi huuanza kwa bia hiyo hiyo badala ya divai.

Mwanafunzi wa Leuven
Nawashukuru sana. Mama, nitaanza na hao kome. Jambo moja limejitokeza: mwenzetu mmoja kutoka Marekani ameahidi kuleta Blue Moon na Allagash White. Je, nazo zipimwe kwa kipimo hicho hicho, au zina desturi yake?

Mzee wa Maine
Kijana wangu, zipime kwa kipimo hicho hicho, kwa maana zote chimbuko lake ni huko uliko. Kijijini Hoegaarden, karibu na Tienen, bia hii ilikwisha katika miaka ya 1950 kiwanda cha mwisho kilipofungwa. Muuza maziwa mmoja, Pierre Celis, ambaye ujanani aliwahi kusaidia kazi kiwandani humo, ndiye aliyeifufua mwaka 1966. Moto ulikiunguza kiwanda chake mwaka 1985, kampuni kubwa ikaingia na fedha zake, na hatimaye yeye akahamia Austin, Texas, alikoanzisha kiwanda kingine mwaka 1992. Huko Ubelgiji, katika kijiji cha Watou, alishiriki pia kuitunga St. Bernardus Wit, ambayo ningekushauri uinunue kabla ya kikao iwe kigezo chako.

Blue Moon ilizaliwa Denver mwaka 1995 chini ya Coors, na mtungaji wake, Keith Villa, alisomea shahada ya uzamivu Brussels. Utaiona ni nzito na tamu zaidi, na huandaliwa na kipande cha chungwa badala ya limau. Ushauri wa Mama unahusu na hicho. Allagash inatoka Portland, hapa hapa Maine, Marekani, nayo ilianza mwaka huo huo wa 1995. Kwa ulimi wangu ndiyo iliyo karibu zaidi na ya Kibelgiji, ingawa mzee anayesifu cha kwao haaminiki sana.

Bia za namna hii hazivumilii kukaa. Giligilani na chungwa hufifia kwanza, na kwa kuwa hopsi ni kidogo hakuna cha kuziba pengo hilo. Chupa iliyovuka bahari ikionekana imepooa, soma tarehe iliyochapwa juu yake kabla ya kuandika alama.