Kompyuta kila meza, au wote tuingie seva moja? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu, nasimamia IT kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar. Watu 40, kompyuta za mezani 40. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na 31 kati ya mashine zetu zina prosesa za kabla ya kizazi cha 8 cha Intel. Windows 11 inazikataa. Bosi anataka jibu.

Wazo la kuwalipa Microsoft masasisho ya ziada ya usalama nimeshalitupa nje. Kwa kampuni ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, kisha 122, kisha 244. Jumla 427 kwa mashine ile ile kuukuu, na ukichelewa ukaanza mwaka wa pili, wa kwanza nao unaulipa. Kwa hela hiyo naingia Kariakoo natoka na mtumba wa kizazi cha 8 na chenji mfukoni.

Yamebaki matatu: kununua mitumba mipya (mnanielewa), kuweka seva moja yenye nguvu (kompyuta kuu inayofanya kazi ya wote) na visanduku vidogo visivyo na diski kila meza vya kuiingilia, au kukodi kwa mwezi kompyuta za wingu, zinazokaa kwa mtoa huduma na kufikiwa kwa intaneti.

Mimi niko na seva. Kompyuta ya mezani inakula wati 60 hadi 80, kisanduku hakifiki 15. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulitufundisha: jenereta ikiwaka tulikuwa tunachagua nani azime mashine yake. Halafu nasasisha sehemu moja, nahifadhi nakala sehemu moja. Diski ya mtu ikifa haifi na ankara za wateja. Anayebisha, karibu.

Fundi Gerezani:
Mkuu, umepiga hesabu ya umeme, ya leseni umeiruka. Windows ya seva inunuliwe. Kila mtu awe na leseni ya kuifikia seva, na juu yake leseni nyingine ya kufungua dawati lake humo ndani. Zidisha kwa 40 halafu urudi.

Niliitwa ofisi moja asubuhi, watu wote wamefungiwa nje. Aliyewafungia mfumo hakuweka hizo leseni za dawati. Microsoft wanakupa siku 120 za majaribio, zikiisha mlango unafungwa. Yeye alishalipwa na namba yake haipatikani. Wenyewe walikuwa wanajua wamenunua kila kitu.

Mama Daftari:
Mimi si mtu wa IT, ni mhasibu, ila nimeishi na hiyo seva yenu miaka minne. Ilikuwa tarehe 19, kesho yake VAT. Pawasaplai ya seva ikaungua. Watu 25 tumekaa tunatazamana kama tuko msibani. Zamani mashine yangu ikigoma nahamia kwa jirani, naomba nusu saa, maisha yanaendelea. Safari hiyo hakukuwa na jirani. Mnapohesabu wati, hesabuni na siku hiyo.

Mleta mada:
Mama, hiyo imeniingia. Basi ziwe seva mbili, moja ikilala nyingine inapokea. Ila hapo najua Fundi anacheka, maana gharama nayo inapanda karibu mara mbili.

Kijana wa Mawingu:
Ndiyo maana nasema kodi. Windows 365, kompyuta ya wingu ya Microsoft, ipo tangu 2021, unalipia kwa kichwa kila mwezi, mtu akiacha kazi unafunga. Tena mleta mada kuna kitu hujakisema: mashine ya Windows 10 ikitumika kuingilia Windows 365, yale masasisho ya ziada haulipishwi. Hizo 31 zako zinaendelea kuishi.

Mleta mada:
Kijana, ulikuwa wapi tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika zote, nchi nzima tukawa tunasubiri ukurasa mmoja ufunguke. Kituo cha Azure, wingu la Microsoft, cha bara hili kiko Afrika Kusini, na nyaya zilikatika upande huo huo wa kusini. Unataka hata Excel yangu ipite baharini?

Kijana wa Mawingu:
Nilikuwa hapa hapa Dar. Nikuulize na mimi: siku hiyo, bila intaneti, ninyi mawakala wa forodha mlitoa kontena gani bandarini? Mfumo wa forodha si uko mtandaoni? Excel ingekusaidia kuandika majina ya waliokaa bure.

Mpwani, Mombasa:
Kijana amekupata hapo, bwana mleta mada. Lakini nyote mwabishana kuhusu mashine, hakuna aliyeuliza watu hawa wafanya kazi gani. Kwetu tulikaa na kila mfanyakazi, tukatazama anafungua nini kutwa. Wengi ni kivinjari tu: barua pepe, mfumo wa forodha, basi. Mtu huyo Windows yamfaa nini? Tuliwawekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, kwenye kompyuta zile zile za zamani, wakabaki watu wa hesabu na wachache wengine kununuliwa mashine za maana. Wiki mbili za kununiwa, kisha kimya.

Mleta mada:
Nimerudi. Nimepita meza kwa meza leo. Kwenye zile 31, watu 23 ni kivinjari kutwa nzima. Sita ni Tally, programu ya uhasibu, wawili wana Excel zenye makro (amri za kujiendesha) zilizoandikwa na mtu aliyestaafu, hakuna anayethubutu kuzigusa.

Kwa hiyo seva ya watu 40 naona haina kazi. Nanunua mitumba minane, 23 najaribu Linux, nianze na watano wa dawati la nyaraka Jumatatu. Na wati zangu bado nazililia, jenereta haijakua. Bosi sijamwambia neno Linux, nimemwambia "mfumo mwepesi".

Fundi Gerezani:
Dawati la nyaraka wanaskani hati kutwa. Skana umeijaribu?

Mleta mada:
...Bado.

Mama Daftari:
Msiianze tarehe 19.