Mrejesho: sensa za presha ya tairi, waranti imelipia

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kama waranti ya nyongeza ya gari langu la umeme, huku Minnesota, italipia sensa za presha ya tairi. Taa ya dashibodi ilikuwa inapepesa kama dakika nzima kisha inabaki inawaka, na upepo uko sawa kote.

Wamelipia, ila kwa mvutano. Jamaa wa mapokezi alianza na wimbo wa "betri ya sensa inachakaa kama tairi". Nikamfungulia mkataba, ukurasa wa visivyolipiwa: tairi zimo, waipa zimo, brekipedi zimo, sensa hazimo. Akaenda kwa bosi wake, akarudi mpole.

Zilizokufa ni mbili. Betri imefungiwa ndani kabisa, haibadilishwi peke yake, inang'olewa sensa nzima. Mbili nyingine ni za umri uleule, nikazilipia mwenyewe; mlioshauri nisubiri hadi nazo zife mniwie radhi, kuvua tairi na kufanya balansi upya si bure.

Anayetaka kuagiza mtandaoni aangalie kwanza masafa ya redio ambayo sensa inatumia kuongea na gari: sensa ya 315 MHz haisomeki kwenye gari la 433 MHz. Zangu walizisajili kwenye kompyuta ya gari, taa ikazima.