Kupiga msasa kitako cha kipoozeo cha prosesa: je, joto litashuka kweli?

mhariri_wa_harusi

Wakuu, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i7-4790, ambayo naitumia kuhariri video za harusi hapa Tanga. Kipoozeo chake ni kile cha duara kinachouzwa pamoja na prosesa: mapezi ya alumini yaliyotawanyika kama miale, kipande cha shaba katikati ya kitako, feni juu yake, na pini nne za plastiki zinazokishikilia kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Kompyuta isipokuwa na kazi husoma nyuzi 45, lakini nikianza kuchakata video ya saa mbili, joto hufika 97 ndani ya dakika tano, na mara kadhaa limegusa 100, ambapo prosesa hujipunguzia kasi hadi chini ya gigahezi 3.6 ili isijiunguze. Chumba hakina kiyoyozi, na kipimajoto cha ukutani mchana husoma nyuzi 31.

Jumamosi iliyopita nilikifungua kipoozeo, nikakitoa vumbi, nikafuta pasta ya joto (ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo) ya zamani iliyokuwa imekauka kama chokaa, kisha nikapaka mpya na kukirudisha. Joto halikubadilika. Wakati kiko wazi niliona kwamba kitako chake hakikulainishwa kiwandani: kina mistari midogo ya duara iliyoachwa na mashine, ambayo ukipitisha ukucha unaihisi. Nilisimamisha wembe mpya juu yake, nikamulika tochi kwa nyuma, nikaona mwanga mwembamba ukipenya katikati, yaani shaba imebonyea kidogo. Nimesoma kwamba wapo waliokipiga msasa kitako cha kipoozeo hadi kikawa bapa kabisa na joto likashuka kwa nyuzi 10. Naomba kujua kama jambo hili ni la kweli, nianze na msasa namba ngapi, na kama nisugue pia kifuniko cha prosesa yenyewe. Sina kipoozeo cha akiba, na wateja wanasubiri kazi zao wiki ijayo, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

fundi_madabodi

Mkuu, kabla ya kununua msasa nakuomba urudi kwenye zile pini nne. Katika kompyuta zenye kipoozeo cha aina hiyo zilizopita mezani kwangu, kisa kinachojirudia kuliko vyote ni pini moja ambayo haikuzama hadi mwisho. Ukitazama kwa juu zote zinaonekana zimekaa, lakini ukigeuza madabodi utakuta pini tatu zimechanua miguu yake upande wa pili, na ya nne imekwama katikati ya tundu. Kona moja ikiinuka hata kwa unene wa karatasi, kitako kizima hukaa upande, na pasta iliyopaswa kuwa utando mwembamba hugeuka kuwa tope la kuziba pengo. Msasa hauwezi kutibu kosa hilo.

Fanya jaribio hili kwanza. Kompyuta ikiwa kazini na inasoma 97, gusa mapezi ya kipoozeo kwa uangalifu, kidole kikae mbali na feni. Mapezi yakiwa yanachoma, maana yake joto linatoka kwenye prosesa vizuri na kinachoshindwa ni hewa: feni imechoka, kasha halipumui, au vumbi limeziba njia. Mapezi yakiwa vuguvugu tu ilhali prosesa inakaribia 100, joto limekwama njiani kabla ya kufika kwenye mapezi, na hapo ndipo mazungumzo ya mguso yanapokuwa na maana. Ukishapata jibu, tuambie.

mhariri_wa_harusi

Ahsante sana, fundi. Nimejaribu sasa hivi: mapezi ni vuguvugu, naweza kuacha kidole bila kuumia. Madabodi sijaitoa bado kwenye kasha.

mwalimu_fizikia

Ndugu muulizaji, umefanya vizuri kutaja joto la chumba, kwa sababu wengi huliacha na kulinganisha namba zisizolinganishika. Kipimo chenye maana ni tofauti kati ya prosesa na hewa ya chumbani; kwako wewe ni 97 kutoa 31, yaani nyuzi 66. Joto hupita kwenye vizuizi kadhaa vilivyofuatana: kutoka kwenye silikoni (kipande kidogo ndani ya prosesa kinachofanya kazi yenyewe na kutoa joto) hadi kwenye kifuniko cha chuma, kutoka kifuniko hadi kitako, kutoka kitako hadi mapezi, na kutoka mapezi hadi hewani. Kila kizuizi kinachukua sehemu yake ya hizo nyuzi 66. Msasa unagusa kimoja tu.

Tukadirie ukubwa wa hicho kimoja. Shaba hupitisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi, alumini safi kwa takriban 237, na hewa iliyotulia kwa 0.026 tu. Pasta nyingi nzuri huandikwa 8 au zaidi kwenye boksi, lakini mimi hupiga hesabu kwa 4 ili nisijidanganye. Kwa hiyo pasta ni bora kuliko hewa kwa zaidi ya mara 150, na ni duni kuliko shaba kwa mara 100. Kazi yake ni kufukuza hewa kwenye mikwaruzo, na popote chuma kinapoweza kugusa chuma, pasta haina sababu ya kuwapo. Sasa rudi na wembe wako. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Kata ukanda mwembamba, ujaribu kuupitisha chini ya wembe pale mwanga unapopenya. Usipopita, bonde lako halifiki milimita 0.1, na pengine ni nusu ya hapo.

Tuchukue bonde la milimita 0.05 lililojaa pasta, eneo la mguso la sentimita 9 za mraba, na wati 84 ambazo Intel imeziandikia prosesa hiyo. Hesabu inatoa takriban nyuzi 1.2. Najua joto halitoki sawasawa kwenye kifuniko chote, kwa kuwa silikoni yenyewe ina milimita za mraba 177 tu na iko katikati, palepale penye bonde. Kwa hiyo tuseme athari ni nyuzi 2 au 3. Hicho ndicho msasa unachoweza kukurudishia hata ukisugua kwa ustadi wa hali ya juu. Nyuzi 10 hazitoki kwenye bonde la namna hiyo. Aliyezipata, ninaamini alirekebisha kitu kingine wakati huohuo bila kukitambua, na mara nyingi kitu hicho ni pasta iliyokauka au kubana upya.

Kuna jambo jingine linaloihusu prosesa yako hasa. Mwaka 2007, enzi za prosesa ya Intel iitwayo Core 2 Quad Q6600, kusugua kifuniko cha prosesa kulikuwa na mantiki, kwa sababu vifuniko vya Q6600 vilijulikana kwa kubonyea, na kati ya kifuniko na silikoni Intel ilikuwa imeweka lehemu, ambayo hupitisha joto vizuri sana. Ukirekebisha juu, ndani pako sawa. Lakini kuanzia kizazi cha prosesa za Intel kiitwacho Ivy Bridge cha mwaka 2012, na Haswell iliyofuata ambayo ndiyo familia ya 4790, prosesa za kawaida za mezani ziliwekewa pasta chini ya kifuniko badala ya lehemu. Sehemu ya zile nyuzi 66 imefichika humo ndani, mahali ambapo msasa wako haufiki. Kwa hiyo kwa swali lako la mwisho, jibu langu ni hapana: usiisugue prosesa. Utafuta maandishi yake, utaishushia thamani siku ukitaka kuiuza, na vumbi la chuma linaweza kuingia mahali pasipofaa, kwa faida ambayo hutaiona.

mkono_na_kioo

Nakubaliana na mwalimu katika hesabu, lakini nisingependa ndugu yetu aondoke akidhani kazi hii ni bure. Nimevisugua vipoozeo sita kwa miaka kadhaa, na kitako chenye mistari ya mashine kama chake hunufaika, mradi mtu ajue anachotarajia. Nitaeleza ninavyofanya.

Kinachotawala matokeo ni bamba lililo chini ya msasa. Tumia kipande cha kioo kinene, milimita 5 au zaidi, kilicholazwa juu ya meza isiyoyumba. Ubao hupinda, na vigae vya sakafuni vingi vina mgongo usioonekana. Nunua msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi wa rangi za magari, kwani wa mbao hubanduka ukilowa. Ubandike kwenye kioo kwa gundi ya utepe kwenye kingo tupu, ukiwa umenyooka bila kiputo. Toa feni kwenye kipoozeo, uiweke mbali. Chora mistari ya kukatana kwa kalamu ya wino mzito juu ya kitako chote: ukishasugua mara chache, wino utabaki penye mabonde na kufutika penye vilima, nawe utaona umbo halisi la chuma chako bila kifaa kingine chochote.

Anza na namba 400 ikiwa bonde ni la kweli, au 600 ikiwa ni mistari tu. Weka maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Shika kipoozeo chini kabisa, karibu na kitako, na uache uzito wake ndio ufanye kazi. Ukikishika juu kwenye mapezi kitakuwa kinayumba mbele na nyuma, kingo zitaliwa kuliko katikati, na utatoka na kitako kilichobinuka kuliko ulivyoanza. Sukuma na kuvuta mara 20, kigeuze robo duara, rudia. Wino ukifutika wote sawasawa, nenda 800, kisha 1000, na uishie hapo. Kwako kuna ugumu mmoja wa ziada: kitako chako kina metali mbili, na alumini huliwa upesi kuliko shaba, kwa hiyo ukikazana sana shaba itabaki imejitokeza kidogo. Ikijitokeza kwa unywele si hasara, kwa sababu shaba ndiyo inayokaa juu ya silikoni. Ila usiendelee kwa kutafuta uzuri. Mwishowe osha kwa maji mengi na mswaki, hasa kati ya mapezi, kwa sababu unga wa metali unapitisha umeme na hutaki udondokee kwenye madabodi. Kaushia juani, kisha futa kitako kwa spiriti.

Lazima nitoe pia onyo lililonigharimu. Kipoozeo changu cha tatu kilikuwa cha mnara, chenye mirija ya shaba iliyosawazishwa kwa chini ili iguse prosesa moja kwa moja. Nilikisugua kwa namba 400 kwa shauku, nikitaka kuondoa vijia vilivyokuwa kati ya mrija na alumini. Kuta za mirija hiyo ni nyembamba sana, na ndani yake mna maji kidogo katika ombwe, yanayochemka upande wa prosesa na kugeuka tena maji upande wa mapezi. Nilitoboa mrija mmoja, tundu dogo kama ncha ya sindano, na kuanzia siku hiyo ulikuwa kipande cha shaba tupu. Kilikuwa kipoozeo kizuri, na nilikiua kwa mkono wangu. Vipoozeo vya namna hiyo visiguswe.

Vilevile, bapa si bora kila wakati. Watengenezaji kadhaa hukibinua kitako makusudi, ili mgandamizo uwe mkubwa pale katikati juu ya silikoni. Kampuni ya Noctua ilipotoa kipoozeo cha NH-D15 G2 mwaka 2024 ilikiuza katika matoleo matatu: la kawaida, lenye mbinuko mkubwa zaidi kwa ajili ya prosesa za Intel za soketi ya LGA1700 ambazo kifuniko chake hupinda kikibanwa kwenye soketi, na lenye mbinuko mdogo zaidi linalofaa soketi ya AM5 ya prosesa za AMD. Mtu akikisawazisha kitako cha aina hiyo kwa msasa, anafuta kazi iliyopimwa kwa makini.

mhariri_wa_harusi

Nawashukuru wote. Swali dogo: nikimaliza 1000, niendelee na dawa ya kung'arishia shaba hadi nijione usoni?

mkono_na_kioo

Hapana, mkuu. Dawa hizo nyingi huacha utando wa mafuta, na kitambaa laini hula kingo kuliko katikati. Mng'ao si ushahidi wa ubapa. Nimeona kitako kinachong'aa kama kioo huku wembe ukionyesha mwanga pande zote mbili.

mhariri_wa_harusi

Nimerudi na majibu baada ya siku nne. Nilitoa madabodi kwenye kasha kama fundi alivyoelekeza, na kweli pini iliyo karibu na soketi za ramu ilikuwa imenasa nusu njia. Mguu wake mmoja ulikuwa umekunjika. Niliunyoosha, nikasafisha, nikapaka pasta upya, nikazibonyeza pini za kimshazari mbilimbili hadi zote nne zikalia. Video ileile, dakika 30, chumba nyuzi 30: prosesa ilisoma 85, bila kupunguza kasi hata mara moja. Tofauti ikawa 55 badala ya 66.

Juzi jioni nikapata nafasi ya msasa. Karatasi ya A4 haikupita chini ya wembe. Nilianza na 600 juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Wino ulibaki katikati ya shaba kama sarafu kwa takriban dakika 25, kisha ukaisha, nikamalizia na 800 na 1000. Jaribio lilelile likasoma 81. Nilifurahi mno, hadi nilipotazama ukutani nikakuta chumba kiko nyuzi 28. Tofauti ni 53.

mwalimu_fizikia

Nyuzi 2, basi, na zinaangukia ndani ya makadirio. Kumbuka pia kwamba ile 66 ya mwanzo ilipimwa prosesa ikiwa inagusa 100 na kujipunguzia kasi, kwa hiyo ilikuwa inakula umeme pungufu. Pini ile ilikuwa inakugharimu zaidi ya nyuzi 11 zinazoonekana. Mguu uliokunjika hautadumu. Tafuta seti nyingine ya pini kabla haujakatika ukiwa katikati ya kazi ya mteja.