Tupeane uzoefu: kipi kinapikwa siku za kazi kwenu, na kipi kinasubiri wikiendi?

Mama Tabata

Habarini za jioni wapendwa. Nimeleta mada ya jikoni, na naomba wote mchangie, akina baba mkiwemo.

Nyumbani kwangu kuna mpaka ambao haujaandikwa popote lakini kila mtu anaujua. Jumatatu hadi Alhamisi ni ugali na dagaa, ugali na matembele, wali maharage, siku nyingine viazi vya rojo. Pilau haipikwi Jumanne. Vitumbua havichomwi Jumatano. Wanangu wakiniona nachambua iliki katikati ya wiki, wanauliza ni mgeni gani anakuja.

Wengi husema ni suala la hela: siku za kazi tunabana, wikiendi tunafungua mkono. Kwa nyumba yangu siamini hivyo. Kilo ya dagaa wazuri wa Kigoma inaizidi bei kilo ya nyama ya ng'ombe, na bado dagaa ndio kitoweo chetu cha Jumatatu. Kinachogawa vyakula kwangu ni muda. Natoka saa kumi na moja alfajiri kabla foleni haijafunga Barabara ya Mandela, narudi giza limeshaingia. Dagaa wakiwa wamechambuliwa tangu Jumapili, wanaiva huku ugali unasongwa. Vitumbua vinataka mchele ulowekwe usiku, usagwe, utiwe tui na hamira, halafu usubiri uumuke. Nani ana saa hizo Jumanne?

Nazi nayo ina masharti yake. Mboga iliyoungwa nazi haivumilii joto la Dar; ukiiacha nje usiku, asubuhi imechacha. Kwa hiyo siku za kazi naunga kwa karanga au kwa nyanya na mafuta, nazi naikuna Jumamosi, nikijua itakwisha siku hiyohiyo.

Haya, kwenu mpaka umepita wapi?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwanangu, sisi huku Unguja siku yetu ni Ijumaa. Jumapili haina cheo jikoni. Wanaume wakirudi msikitini adhuhuri wanakuta sinia limeshapakuliwa, na hapo ndipo watoto waliooa na kuolewa wanapokuja kula kwa mama yao.

Kama ni biriani, nyama inarowekwa tangu Alhamisi usiku kwa mtindi, thomu na tangawizi. Vitunguu navikaanga asubuhi mapema, taratibu, mpaka vigeuke rangi bila kuungua, maana vikiungua sosi yote inakuwa chungu na hakuna cha kuirudisha. Siku nyingine ni wali na mchuzi, muhogo wa nazi, papa mkavu au ng'onda. Vyakula vizuri kabisa, lakini hatumwiti mtu kuja kuvila.

Mwezi wa Ramadhani ndio unafuta hesabu yote hiyo. Jumatatu ya Ramadhani ina futari kubwa kuliko Ijumaa yoyote ya mwaka.

Geto la Sinza

Shikamoo mama. Naomba kuuliza, hiyo ya kurowesha usiku kucha ni lazima au naweza kuianza asubuhi? Siku za kazi mimi ni chipsi mayai na ugali wa kwa mama lishe. Jumapili ndiyo siku pekee ninayowasha jiko, na nataka kujifunza vizuri.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Marahaba baba. Anza asubuhi, ipe saa tatu au nne mahali pa baridi. Ya kuku inatosha kabisa. Ya ng'ombe au mbuzi ukiweza ilaze, italainika zaidi. Na usiogope, kijana anayejipikia Jumapili atajipikia siku zote.

Mwana wa Muscat

Nimefurahi kuisoma ya Bi Mkubwa, maana huku Oman tuliishuhudia siku hiyo ikijaribiwa. Zamani mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Mwaka 2013 serikali ikayahamisha yakawa Ijumaa na Jumamosi. Mama yangu, ambaye utotoni mwake alikulia Zanzibar, alikuwa ameipanga Alhamisi nzima kwa maandalizi: kwenda sokoni, kuosha mchele, kuroweka nyama, kusaga viungo. Ghafla Alhamisi ikawa siku ya kazi na shule, mabinti zake wakawa hawapatikani mpaka jioni.

Chakula cha Ijumaa hakikusogea hata kidogo. Kilichobadilika ni sisi: siku hizi viungo vinasagwa Jumamosi iliyotangulia na kuwekwa kwenye chupa, na Alhamisi usiku dada zangu wanamalizia kwa mama. Jumamosi tuliyoongezewa imekuwa siku ya viporo na mikate ya kumimina asubuhi. Sijasikia nyumba ya jamaa zetu hata moja iliyohamishia biriani huko.

Pwani ya Musoma

Kwetu mpaka ni jua. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likishazama hakuna kupika mpaka jioni ya Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa mchana jikoni kuna kazi kuliko siku zote: wali, maharage ya karanga, chapati, mboga, vyote vinaiva na kuingia kwenye hotipoti, uji unawekwa kwenye chupa. Mama alitusomea Kutoka sura ya 16, pale mana ilipookotwa mara mbili siku ya sita, na utotoni niliamini sura ile iliandikwa kwa ajili ya jiko letu.

Ninachotaka kusema ni kwamba chakula cha siku kuu si lazima kiwe cha kutoka motoni sasa hivi. Wali wetu wa Sabato ni wa vuguvugu, na ndio wali ninaoukumbuka kwa mapenzi kuliko wote, kwa sababu mama alikuwa ameketi nasi mezani tangu mwanzo hadi mwisho. Siku nyingine zote alikuwa anainuka kila dakika.

Umoja Nairobi

Hiyo ya mama kuketi imenigusa sana.

Kwetu huku ni chapati. Siku za wiki ni ugali na sukuma, ndengu, githeri. Na hata githeri sichemshi mwenyewe. Nanunua mahindi na maharagwe yaliyochemshwa tayari, kwa kikombe, kutoka kwa mama wa kibanda, nakuja kukaanga na kitunguu, nyanya na waru. Jumapili baada ya kanisa unga unakandwa kwa maji ya moto, unapumzika, unasukumwa, unapakwa mafuta, unakunjwa, unasukumwa tena. Watoto wamepanga stuli karibu na jiko wanangojea ya kwanza. Nimeona zinauzwa barabarani kila siku, na ni nzuri, lakini sitaki zizoeleke nyumbani. Nataka wanangu wakikua, harufu ya chapati iwaambie leo ni Jumapili na sote tuko hapa.

Fundi wa Saiti

Mleta mada, hoja yako ya muda nimeielewa, ila kwa sisi wa saiti hela na muda haviachani. Tunalipwa Jumamosi mchana. Kuanzia Jumatano mfukoni kumebaki nauli, na mke wangu anapika kinachokopesheka dukani: unga, maharage, mafuta ya kupima. Jumamosi jioni napita buchani. Tukila nyama siku hiyo si kwa sababu tumepata nafasi ya kupika, ni kwa sababu mwenye kazi amelipa. Akichelewesha malipo, Jumamosi inapita kama Jumanne. Nyumba nyingi za mtaani kwetu ziko hivyo, na naomba zihesabiwe kwenye mjadala huu.

Mama Tabata

Zimehesabiwa, fundi. Asante kwa kulisema wazi. Na shemeji apewe salamu zake, kupika kwa kukopa wiki nzima watu wakashiba ni kazi inayotaka akili kubwa.

Jiko la Buguruni

Mnaongelea wanaokula. Mimi ni mama lishe, niwaambie kwa upande wa anayepika.

Wiki yangu wanaipanga wateja. Jumatatu mpaka Alhamisi wanataka ugali, wali maharage, ndizi, samaki. Ijumaa wanataka pilau, Waislamu kwa Wakristo, na kama hujapika pilau Ijumaa wanahamia kwa jirani. Jumamosi ni supu na chapati, inabidi niwe nimeinjika mifupa saa tisa usiku ili alfajiri iwe imetoa utamu wake. Kwa hiyo ladha zote mnazoziita za wikiendi mimi nazipika kwa sufuria la kilo kumi.

Jumapili sifungui. Nikiwa kwangu nataka ugali wa dona, mlenda na samaki mkavu aliyeungwa kidogo. Watoto mwanzoni walinung'unika, wenzao wanakula kuku. Sasa wameizoea, na mkubwa ameshajua kupika mlenda kwa magadi kidogo kama bibi yake wa Singida alivyokuwa akipika. Nakaa kwenye mkeka napakuliwa. Kwangu mimi hicho ndicho chakula cha heshima, kile ambacho sikukipima kwa upawa wa biashara.

Sakina Arusha

Nasoma nikiwa na jambo ambalo halijatajwa. Nyumba nyingi zetu siku za kazi anayepika ni dada wa kazi. Tukisema siku za kazi hakuna muda, tunamaanisha muda wetu. Wake upo, na ndio unaotulisha.

Dada tuliyenaye ni wa Same, na kwao makande ni chakula cha kuheshimiwa. Kwa mama yangu makande yalikuwa ya Jumamosi, kwa sababu mahindi yaliyokobolewa na maharage yanataka kulowekwa na kukaa motoni asubuhi nzima. Kwangu yamekuwa ya Jumatano, kwa kuwa yuko nyumbani wa kuyatazama moto. Anayapika mpaka yanakuwa laini kabisa, anatia karoti na maziwa mwishoni, na wanangu wanayapenda kuliko wali nyama. Jumapili ni siku yake ya kupumzika, haingii jikoni hata kuosha kikombe, hilo nimelisimamia. Siku hiyo mume wangu anapika mtori, mimi naosha vyombo. Kwa hiyo kwetu chakula cha saa nyingi ndicho cha katikati ya wiki, na cha haraka ndicho cha Jumapili, kinyume na kwa mleta mada, na sababu ni mtu mmoja. Naomba kila anayeandika hapa "tunapika" aangalie ni mikono ya nani.

Zamu ya Usiku Dodoma

Mimi ni muuguzi. Wikiendi yangu inakuja siku yoyote ambayo ratiba ya zamu inaniachia. Tulichoamua nyumbani ni kwamba siku ninayopumzika ndiyo ya kuku wa kienyeji, iwe Jumatatu au Alhamisi. Anachemshwa taratibu, mchuzi mwepesi, na ugali. Jirani zetu wameshazoea kusikia kinu cha vitunguu saumu Jumatatu asubuhi.

Mama Tabata

Sakina, umesema kweli tupu, na nimeisoma kwa sauti hapa sebuleni.

Nina swali moja. Mume wangu ni wa Mtwara, anapenda kisamvu, na kwangu kisamvu kimebaki cha Jumapili tu kwa sababu ya kutwanga. Kuna anayekipika siku za kazi? Anafanyaje?

Jiko la Buguruni

Mimi hukifanya hivi. Jumapili twanga cha kutosha, majani machanga, mpaka kilainike vizuri. Chemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi, bila mfuniko, kwa muda mrefu. Usikatishe hapo kwa haraka, kisamvu kibichi kina sumu, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoitoa. Kikiiva mwaga maji, kiache kipoe, kamua, gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja kwenye mifuko na uweke friza. Usitie nazi wala karanga wala chumvi.

Siku ya kazi ukirudi, toa fungu moja, kaanga kitunguu, tia kisamvu, tui, kichemke mpaka mafuta yaelee juu. Kama huna nguvu ya kukuna, karanga zilizosagwa zinatosha. Kinawahi kabla ya ugali. Kama huna friza, niambie, kuna njia ya kukianika kikishachemka, mama yangu alikuwa anafanya hivyo kiangazi.

Mama Tabata

Friza ninayo. Jumapili hii nakitwanga. Ila hiyo ya kuanika iandike pia, dada, fundi na wengine wasio na friza waipate.